Macho Mekundu Kwenye Mazishi ya Mwala

Leo nimefiwa na mume nisiyemjua.

Subirini, nitaeleza. Niko saiba hapa Mlolongo, kompyuta ya pembeni kabisa, nimevaa miwani nyeusi ndani ya nyumba kama mwizi wa kwenye sinema. Nimenawa mikono kabla ya kugusa kibodi, na nikimaliza nitaipangusa kwa spiriti, kwa hivyo msianze. Nyinyi tuliosoma pamoja mnanijua. Mimi ni Mueni yule yule. Sijaolewa, sijawahi kuolewa, na mpaka leo asubuhi nilikuwa na jina zuri.

Nimeamka macho hayafunguki. Kope zilikuwa zimegandana kama bahasha. Nimepapasa ukuta mpaka kwenye beseni, nikaosha, nikaosha tena, halafu nikajiangalia kwenye kioo. Ngai! Mungu wangu! Macho mekundu kama nyanya za Masii siku ya soko. Yamevimba, yanawasha, yanatiririka machozi, na ndani nasikia ni kama kuna mtu amemwaga mchanga wa mtoni.

Nilijua yametoka wapi. Wambua, mweka stoo wetu kazini, alikuja juzi na jicho moja jekundu, akalifikicha vizuri, akashika simu ya mezani kwangu, akashika kalamu yangu, akaniambia, "Ni vumbi tu la mawe." (Vumbi! Vumbi gani linalohama kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine?)

Nikaenda kliniki ya hapa mtaani. Daktari, mama mmoja asiye na maneno mengi, akaniangalia kwa sekunde tatu.

"Macho mekundu. Ni virusi."

"Nipe dawa, daktari."

"Ya nini? Ya kuua virusi hivi hakuna. Vitaisha vyenyewe wiki moja, pengine mbili. Chemsha maji, yapoe, chovya kitambaa safi, ukandie. Usifikiche. Nawa mikono kila wakati kwa sabuni. Taulo yako iwe yako, leso yako iwe yako. Usimpe mtu mkono. Na ukae nyumbani."

Ningemsikiliza yule mama, saa hii ningekuwa mtu mwenye heshima zake. Lakini mimi nikajiambia, ngoja nipite ofisini niombe ruhusa ana kwa ana, kama mtu mwenye adabu. (Adabu itaniua siku moja.)

Mimi ni karani kwenye kampuni ya mawe na kokoto. Niko na miezi mitatu tu kazini. Shikeni hiyo miezi mitatu, ina madhambi yake huko mbele. Bosi, Bwana Musembi, aliponiona mlangoni aliruka nyuma mpaka kiti kikagonga ukuta.

"Simama hapo hapo! Sasa nitamtuma nani mazishini?"

Kumbe leo anazikwa Mzee Kilonzo, aliyeendesha lori la kampuni miaka mingi sana, akastaafu kabla mimi sijaajiriwa. Presha ilimchukua. Sikuwahi kumwona hata siku moja. Nyumbani kwake ni Mwala, na kampuni lazima ipeleke mtu na barua ya rambirambi na shada la maua.

"Si umtume Wambua?"

"Wambua anaumwa macho."

"Bosi, hata mimi naumwa macho!"

"Ya Wambua yalianza mbele. Wewe vaa miwani, kaa pembeni, soma barua, rudi. Hutembei kwa macho."

Hutembei kwa macho. Haya basi. Nikavuka barabara mahali malori yanapongoja kupimwa kwenye mizani, nikanunua miwani kwa mchuuzi. Ilikuwa imebaki aina moja tu: kubwa, nyeusi tititi, ina dhahabu pembeni. Nikapita nyumbani, nikavaa na lile gauni langu jeusi pana la kanisa. Nilifanana na mke mdogo wa waziri.

Dereva wetu anaitwa Mutiso. Ni mtu mpole, lakini safari yote alikuwa amefungua dirisha na kutoa kichwa nje asivute hewa yangu. Nikamwambia haya mambo hayapitii kwenye hewa ya gari hivyo, yanapitia mikononi. Akasema, "Sawa," na kichwa kikabaki huko huko nje. Tulipokaribia Mwala gurudumu la nyuma likaanza kulalamika. Alinishusha langoni kwa marehemu.

"Ingia wewe. Mimi nirudi hapo kituoni wanizibie hii kabla haijalala kabisa. Nusu saa."

Nikashuka, nikifuta machozi. Pikapu ikaondoka. Vumbi likatulia. Nikaangalia mikono yangu. Barua iko kwenye pikapu. Shada la maua liko kwenye pikapu. Kitu pekee nilichokuwa nimeshika ni leso.

Nikajaribu simu. Mtandao mstari mmoja, ukija unaenda. Nikaingia.

Sasa fikirieni wale waombolezaji walivyoniona. Mwanamke mgeni, peke yake, gauni jeusi, miwani ya dhahabu, analia. Na si kulia kidogo. Jikoni walikuwa wamewasha kuni tatu kubwa chini ya sufuria za muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na upepo ukaamua moshi wote uje kwangu. Macho yakafungulia mabomba. Wake wa ndugu za marehemu walikuwa wamekaa wakiwa wakavu kabisa, wanapepea nzi. Mimi ndiye niliyekuwa nalia kuliko familia yote ikichanganywa.

Nikakaa kiti cha nyuma kabisa. Mara mama mmoja mnene akaja akaketi karibu. Baadaye nilijua ni Mama Kasyoka, dada wa mjane.

"Pole sana, mwanangu."

Mimi nikadhani ananipa pole ya macho. Mtu yeyote angedhani hivyo!

"Asante, Mama. Ilinianza jana usiku, lakini leo ndiyo imezidi."

"Ni uchungu."

"Ni uchungu kweli. Sikulala."

Akatikisa kichwa. Kabla sijazuia, akachukua ncha ya leso yake aliyojifunga, akaniingizia chini ya miwani, akanipangusa machozi shavu hili na lile. Halafu kwa leso ile ile akajipangusa uso wake. Nikataka kupiga kelele. Ikatoka sauti ndogo ya "iii", na yeye akadhani ni kwikwi, akanipigapiga mgongoni.

"Umetoka wapi?"

"Mlolongo."

Mkono ukasimama mgongoni.

"Mlolongo," akasema polepole, kama mtu aliyeonja maziwa na kukuta yameharibika.

Jamani, mimi ningejuaje? Enzi za kazi Mzee alikuwa analala Mlolongo na lori, anarudi nyumbani mwisho wa mwezi tu. Familia imeshuku miaka mingi kwamba kuna mtu huko.

"Na huko Mlolongo," akasema, sauti imeshuka, "uko na muda gani?"

"Niko na miezi mitatu."

Nilimaanisha kazini! Yeye akaangalia tumbo langu. Gauni pana. Chai na mandazi manne asubuhi. Akaangalia tena. Akasimama, akaenda kwa wenzake, na mimi nikabaki nikifikiri, mama mwema huyu, lakini angenisikiliza kidogo nimwambie aifue hiyo leso.

Niliona vichwa vikigeuka. Kimoja, viwili, safu nzima. Nikajua ni miwani inawashangaza. Nikaisukuma juu ya pua, nikalia zaidi.

Halafu pasta akasema watu wapite wamsalimie mjane kabla ya kwenda kaburini. Ningekataa vipi? Nimetumwa na kampuni. Nikajipanga kwenye foleni. Kila aliyekuwa mbele yangu alimpa mjane mikono miwili, akamkumbatia, mashavu kwa mashavu. Mimi nikaweka mikono nyuma na kujikumbusha maneno ya daktari. Nilijiona mtu wa maana sana. Nilijiambia, Mueni, leo unamlinda mama wa watu.

Mjane anaitwa Mama Ndinda. Mwembamba, kitambaa cheupe kichwani, amekaa wima. Nilipofika akanitazama kuanzia viatu mpaka miwani. Nadhani habari ilikuwa imeshamfikia. Hata hivyo akanyoosha mkono. (Yule ni mwanamke. Ningekuwa mimi ningenyoosha kiti.)

Nikarudi nyuma hatua moja.

"Samahani sana, Mama. Siwezi kukupa mkono."

Kwaya ilikuwa inaimba. Mnajua zile kwaya zinazomaliza wimbo sekunde unayoomba zisimalize? Ikamaliza.

"Kwa nini?" akauliza.

"Sitaki nikuambukize. Daktari amesema ni virusi."

Hata kuni ziliacha kupasuka.

Nyinyi mnajua hilo neno miaka hii limekaa vipi. Mtu akisema virusi, hakuna anayeuliza vya wapi, wote wanasikia Ukimwi. Mama Ndinda alishusha mkono polepole, akauweka kwenye paja, akauangalia kama si wake. Akamgeukia shemeji yake, mdogo wa marehemu, Bwana Nzioka, ambaye ndiye alikuwa ameshika maiki tangu asubuhi.

"Nzioka. Si mliniambia ni presha?"

Hakupandisha sauti. Na hapo ndipo nilipoelewa kila kitu kwa pamoja. Miezi mitatu, Mlolongo, machozi, mkono. Nilipoa kuanzia nywele mpaka kucha. Nikafungua mdomo nieleze, lakini wanawake walikuwa wameshaanza. Mmoja ananyooshea miwani kidole. Mwingine anasema watu wa kule hawana aibu, anakuja na mimba mpaka kaburini. Mama Kasyoka anashika kichwa anasema, "Nimemgusa! Nimemgusa!" Nzee mmoja, samahani, mzee mmoja (macho hayaoni herufi vizuri) akauliza kama nimekuja kudai shamba.

"Hapana! Ni virusi vya macho!" nikasema.

Hakuna aliyesikia. Nzioka alikuwa ameshapayuka kwenye maiki yao ya jenereta na spika mbili kubwa:

"Watu watulie! Watulie! Huyu mama wa miwani aje hapa mbele atuambie yeye ni nani wa marehemu. Hatuzikwi, samahani, hatuziki mtu na maswali."

Nikaenda mbele. Ningefanya nini? Kukimbia? Mutiso yuko na pikapu. Watu kama mia tatu wananiangalia. Nzioka akanipa maiki.

Nikaweka mikono nyuma.

"Shika!"

"Siwezi kuishika. Ni ya watu wengi."

"Hata maiki yetu huitaki?"

"Nitaiambukiza, baba! Ishike wewe, mimi niongee."

Akaishika, mkono umenyooka mpaka mwisho, yeye ameinama upande kama mtu anayemlisha mamba. Nikavua miwani.

Nilisikia "Ngai!" moja kubwa kutoka hema zote tatu. Safu ya mbele ilisogea nyuma na viti vyake. Mtoto akalia.

"Mnaona haya?" nikasema. Spika zikapiga mlio, halafu sauti yangu ikaenda mpaka ng'ambo ya mto. "Ni ugonjwa wa macho. Virusi vya macho! Si vile vingine mnavyofikiria. Hivi mtu anaambukizwa na leso, na taulo, na kupeana mikono, vinaisha baada ya wiki mbili. Nimekataa mkono wa Mama kwa sababu nimemheshimu! Mimi ni karani wa kampuni aliyokuwa akifanyia kazi Mzee. Nimetumwa. Barua iko kwenye pikapu, pikapu iko kwenye pancha. Miezi mitatu ni ya kazi! Mzee Kilonzo sikuwahi kumwona kwa haya macho, Mungu ni shahidi. Sikuwa mke wake. Sijaolewa na mtu yeyote. Sina mimba. Ni mandazi!"

Mandazi. Nilisema mandazi kwenye mazishi, kwa spika mbili.

Mwanamke mmoja mwenye sweta ya buluu akasimama kutoka katikati ya watu, akasema yeye ni muuguzi wa zahanati ya pale, na kwamba wiki hii amewaona wengi wenye macho kama haya, na maneno yangu ni ya kweli. "Na Mzee nilimpima presha mimi mwenyewe, mara nyingi, na dawa alikuwa anasahau kumeza," akaongeza, akimwangalia mjane. Mungu ambariki yeye, sweta yake na ukoo wake.

Halafu akauliza, "Kuna mtu amegusa machozi yake?"

Mama Kasyoka akapiga yowe. Akajifungua ile leso kiunoni na kuirusha mbali kama nyoka. Haikuenda mbali. Ilitua begani kwa pasta. Pasta, mtu wa Mungu, aliruka juu ya kiti.

Na hapo nikasikia kicheko.

Alikuwa Mama Ndinda. Alianza kwa kutikisika mabega, watu wakadhani analia, wawili wakamkimbilia. Kumbe mama anacheka. Anacheka, amefunika uso kwa kitambaa, anasema, "Mandazi! Ati ni mandazi!" na machozi yanamshuka, na ndani ya kile kicheko kukawa na kilio pia, vimeshikana, sijui kipi kilikuwa kipi. Alipomaliza alivuta pumzi ndefu kama mtu aliyetua mtungi. Watu wote wakacheka baada yake kwa kuwa yeye amewapa ruhusa. Mimi nilisimama pale mbele, macho yanachuruzika, Nzioka bado amenishikia maiki mbele ya mdomo kama vile ningeongeza jambo.

Muuguzi akaamuru yaletwe maji na sabuni. Mwala, mnaelewa? Maji yanayokuja kwa punda! Mitungi miwili ya kupikia ikamwagwa kwenye beseni kwa ajili yangu, na watu mia tatu wakapanga foleni kunawa mikono, kila mmoja akipita ananiangalia. Mama mmoja mpishi alinitazama kwa jicho la mtu aliyepoteza chai ya wageni.

Nikapewa kiti changu peke yangu chini ya mti wa mwiba, sahani yangu, kikombe changu, kijiko changu, na duara la mchanga mtupu pande zote. Mutiso akafika wakati wanamalizia kufukia kaburi. Akaingia mbio na shada la maua, akasikia watu wanacheka, akanitafuta, akanikuta nimetengwa kama kuku mgonjwa.

"Kwani nini kimetokea?"

"Soma barua, Mutiso. Soma tu."

Akasoma. Barua ilisema kampuni inamtuma "mwakilishi wetu mwaminifu" kushiriki majonzi ya familia. Kicheko kikaanza upya.

Kabla hatujaondoka Mama Ndinda alikuja mpaka mwisho wa lile duara la mchanga, akasimama hapo hapo, mikono ameikunja.

"Binti, usikasirike. Ulinitisha."

"Mimi ndiye wa kuomba msamaha, Mama. Ningekaa nyumbani."

"Ungekaa." Akatazama kule kaburini. "Lakini niambie. Huko Mlolongo, kwa wale madereva wenzake. Hujawahi kusikia jina la mwanamke yeyote?"

Nikamwambia hapana. Ni ukweli, wenzangu, sijawahi kusikia. Lakini aliniuliza kwa namna ambayo hata ningekuwa nimesikia, ningesema hapana. Akatikisa kichwa mara mbili, akanipa mfuko wa maembe kwa kuuweka chini na kurudi nyuma, mimi nikauokota.

Njiani Mutiso alikuwa ametoa kichwa dirishani tena. Tumepita Masii, kichwa kiko nje. Tumepita Machakos mjini, bado kiko nje. Karibu na hapa nyumbani ndipo akakohoa.

"Mueni. Wewe si ulitangaza kwa spika kwamba hujaolewa?"

"Mutiso, nyamaza."

"Hapana, nasema tu. Kuna wanaume wawili walinijia wakaomba namba yako."

"Nani?"

"Mmoja ni mwenye jenereta. Mwingine ni yule Nzioka, mdogo wa marehemu. Anasema atangoja zile wiki mbili ziishe."

Nimeshuka, nimenawa mikono, nimekuja hapa moja kwa moja kuwaandikia kabla hamjasikia kwa mtu mwingine, kwa sababu nimeambiwa wawili kati yenu mna shangazi Mwala.

Kesho silazimishwi na mtu. Nakaa nyumbani na kitambaa changu, taulo yangu na maji yangu ya kuchemsha, na Bwana Musembi akitaka mwakilishi mwaminifu aende mwenyewe. Nanyi mkiambiwa na daktari mkae nyumbani, kaeni.

Na tafadhali msicheke. Kilichoharibika ni macho tu. Masikio yangu yanasikia vizuri kabisa.